Mwanzi wa Kupimia Wadogo

Jina la nchi hiyo nimelisahau, na ukinikumbusha nitalisahau tena, maana nina watoto wa kusomesha. Haiko mbali. Wapo wanaosema iko ng'ambo ya mpaka. Wapo pia wanaosema huna haja ya kuvuka mpaka wowote kuifikia, na hao tuwaachie Mungu.

Ni nchi inayowapenda wakulima wadogo kupita kiasi. Lipo Shirika la Kumfikia Mkulima, ambalo liko mjini. Upo Mfuko wa Kumfikiria Mkulima, ambao wajumbe wake hukutana hotelini kufikiri, na wakichoka kufikiri hula. Lipo Shirika la Kumsikiliza Mkulima. Na juu ya yote hayo ipo Mamlaka ya Kumwinua Mkulima Mdogo, yenye jengo refu lenye lifti, ili asije mtu akasema hakuna anayeinuliwa. Kila shirika lina gari jeupe. Katika kijiji cha Mwalusimbi watoto walijua kuyatofautisha magari hayo kwa mlio kabla hawajajua kutofautisha mtama na uwele.

Katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke aliyeitwa Nyamizi, mama Kashindye, na alikuwa mrefu. Nikisema mrefu msidhani natia chumvi. Akisimama shambani, kwelea kwelea hujishauri kwanza kabla ya kutua. Shamba lake lenyewe lilikuwa dogo, hata mbuzi akijilaza katikati unaona kalijaza. Mume alikwisha tangulia mbele ya haki, na Kashindye alikuwa ameolewa mbali. Mali aliyobaki nayo Nyamizi ilikuwa kibuyu kimoja cha mtama mwekundu.

Mtama huo aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wake. Kila baada ya mavuno Nyamizi alichagua masuke yaliyojaza vizuri, akayapura kwa mkono, akachanganya punje na majivu, akaziba kibuyu kwa gunzi na kukining'iniza juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Mvua ziwe haba, ziwe nyingi, mtama ule haukuwahi kumtupa. Mwaka wa njaa kubwa, wakati mashirika yote yalipokuwa kwenye kongamano la njaa, ni huo uliowavusha watu wa Mwalusimbi. Ndiyo sababu kila nyumba ilikuwa na kibuyu chake juu ya meko, na vyote vilikuwa wajukuu wa kibuyu cha mama yake Nyamizi.

Basi Serikali ikagundua.

*

Wataalamu walikuja na magari sita, wakaingia majikoni wameziba pua. Walichokiona kiliwasikitisha sana. Mbegu za taifa zinaishi kwenye moshi! Hazina cheti, hazina usajili, hazina hata picha ya kiongozi! Ikatangazwa Operesheni Boresha Mbegu, na vibuyu vyote vya Mwalusimbi vikapakiwa kwenye lori na kupelekwa ghala la Mamlaka wilayani. Nyamizi alishika chake kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alimwambia askari, "hiki si cha kuchukua. Hiki ni cha mama."

"Si mimi, mama," alijibu askari. "Ni maagizo ya wakubwa."

Katika nchi ile, neno hilo likishatamkwa mazungumzo huwa yamekwisha. Hakuna aliyewahi kuuliza wakubwa gani. Ni kama kumuuliza mtu upepo unalala wapi.

Huko ghalani mbegu ziliboreshwa kweli. Kila kibuyu kilibandikwa picha ya Mheshimiwa Waziri. Zoezi hilo lilikula kiangazi chote, na lilipokwisha, vibuyu vikatangazwa kuwa msaada. Nanyi mtaona hekima iliyopo: mbegu ikiwa jikoni ilikuwa ya mtu, ilipofika ghalani ikawa ruzuku. Wakulima wadogo wa Mwalusimbi wakaambiwa waje kusaidiwa.

Hapo ndipo likazuka swali zito. Mkulima mdogo ni nani?

Kamati ya wataalamu ikaketi. Mmoja akapendekeza mtu apimwe kwa ukubwa wa shamba. Wenzake wakamtazama kwa muda, kwa kuwa kila mmoja wao alikuwa na shamba ambalo asingependa lipimwe, naye akaondoa hoja yake na kuomba radhi. Mwingine akapendekeza kipato, akaambiwa aende nje akapunge upepo. Mwishowe msaidizi wa Waziri akafungua kamusi, akakuta imeandikwa wazi kabisa kwamba mdogo ni yule asiyekuwa mkubwa kwa kimo. Watu wakapiga makofi. Wengine walitokwa na machozi kwa jinsi jambo lilivyokuwa jepesi.

Nyuma ya jengo la Mamlaka ukafungwa mwanzi kati ya nguzo mbili, usawa wa paji la uso la Mheshimiwa Waziri akiwa amevaa viatu vyake vya kisigino. Sasa Waziri huyo, Mungu amweke, hakuumbwa mrefu. Anayepita chini ya mwanzi bila kuugusa ni mkulima mdogo, apewe kiganja cha mbegu, kofia, na fulana iliyoandikwa MIMI NI MDOGO NA NAJIVUNIA. Na ili pasiwe na udanganyifu, mwanzi ulipakwa rangi nyekundu iliyochanganywa na mafuta isikauke. Atakayegusa atachafuka paji, na huyo ni mkubwa, asithubutu kula jasho la wanyonge.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia akiwa juu ya jukwaa, na juu ya jukwaa kulikuwa na kreti ya soda.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa! Na uti wa mgongo, ndugu zangu, kazi yake ni nini? Kazi yake ni kupinda! Pindeni basi, taifa lisonge mbele!"

Mashirika yote yalipiga makofi, na lile la Kumsikiliza Mkulima likasikiliza.

*

Nyamizi hakuhudhuria uzinduzi. Alikuwa shambani akisafisha, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki na ardhi ilishaanza kunuka ile harufu ambayo mkulima akiisikia hawezi kukaa kitako. Mvua ya kwanza ndiyo mvua ya mtama. Ikipita haijakuta punje ardhini, umebaki kuwatazama wenzako. Na mwaka ule, Mwalusimbi nzima, hakuna aliyekuwa na mwenzake wa kumtazama.

Siku ya mgao akatembea mpaka wilayani. Alipofika nyuma ya jengo alikuta foleni ndefu, na kila mtu kwenye foleni ameinama kama aliyedondosha sindano. Aliwaona majirani zake wote. Walikuwa wanazoeza migongo.

Hakuuliza, maana alikuwa na hasira na macho yake yalikuwa mbele, kwenye mlango wa ghala. Akapita moja kwa moja.

Ko!

"Mkubwa!" ikalia sauti. Ilikuwa sauti ya Bwana Rubeni, Afisa Upimaji, aliyeketi chini ya mwavuli. "Umekosa sifa, mama. Wewe ni mkulima mkubwa."

Nyamizi akagusa paji, akatazama vidole vyekundu. "Mkubwa? Mimi? Shamba langu ukitema mate upande huu yanaangukia kwa jirani."

"Mambo ya shamba hayatuhusu hapa," alisema Rubeni kwa upole, kwani hakuwa mtu mbaya. "Lakini sikia, mama Kashindye. Rudi nyuma, jifute, halafu uiname. Unaona wenzako? Inama kidogo tu, upewe kiganja chako uende zako. Kuinama kunakugharimu nini?"

Nyamizi aliwatazama wenzake. Alimwona Masunga, fundi wa kuezeka, mtu aliyezoea kusimama juu ya mapaa ya watu, sasa kidevu kinakaribia magoti.

"Rubeni," alisema, "mimi huinama shambani. Ofisini nasimama."

"Basi utaondoka mikono mitupu. Si mimi, mama. Ni wakubwa."

Pembeni alisimama binti nadhifu, beji kifuani, kutoka Shirika la Kumsikiliza Mkulima. Nyamizi akamwendea na kumweleza yote tangu mwanzo: kibuyu, mama yake, moshi, mvua inayokuja. Binti alisikiliza vizuri ajabu. Aliinamisha kichwa upande, akasema "mh" mahali panapostahili, na palipohuzunisha akahuzunika.

"Sasa utanisaidiaje, mwanangu?" aliuliza Nyamizi.

"Mimi kazi yangu ni kusikiliza, mama," alijibu binti. "Kujibu ni shirika jingine. Bado halijafunguliwa."

*

Geti la nyuma lilikuwa limezibwa na foleni, kwa hiyo Nyamizi akazunguka ili atokee mbele. Alikuwa anawaza kwamba mwaka huu ndio mtama wa mama yake unakufa, na unakufa mikononi mwake. Aliwaza hivyo mpaka akafika penye zulia, na mlinzi wa mlango akaruka kutoka kwenye kiti, akagonga visigino na kupiga saluti.

"Karibu, mkubwa!"

Nyamizi akageuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Alama si hiyo hapo kwenye paji?" alisema mlinzi. "Kanuni inasema asiye mdogo ni mkubwa, na mkubwa apite mbele. Tafadhali, usinifukuzishe kazi. Pita."

Akapita. Ndani kulikuwa na feni, makochi, na Mkurugenzi wa Huduma kwa Wakubwa, bwana mnene mwenye kofia ya pama, ambaye alipoona paji jekundu alivua kofia hiyo kabla hajajua anamvulia nani.

Lazima niwaeleze kuhusu wakulima wakubwa wa nchi ile. Hawapangi foleni, hawaulizwi maswali magumu, na pembejeo zao huwafuata walipo. Wengi wao hawajawahi kuyaona mashamba yao.

"Chai au kahawa, mkubwa?" aliuliza Mkurugenzi. "Na shamba lako liko wapi?"

"Mwalusimbi. Ukivuka kijito, unapanda kidogo, ukifika kwenye kichuguu chenye mdomo mpana, hapo hapo."

Mkurugenzi akakunja uso. "Unalijua mpaka kichuguu? Ajabu. Wakubwa wenzako huniambia liko huko huko, nimuulize dereva."

Nyamizi hakusoma sana, lakini mjinga hakuwa. "Hayo ya kichuguu aliniambia dereva," alisema.

Uso wa Mkurugenzi ukakunjuka. "Ahaa! Nikusaidie nini basi?"

"Nataka kibuyu changu cha mtama. Kimoja."

Mkurugenzi akalitazama lile paji kwa makini, kama anayetaka kulikwangua kwa ukucha. "Kimoja? Mkubwa gani anaomba kimoja? Samahani, lakini anayeomba kidogo kwa kawaida ni mdogo. Wewe ni mkubwa kweli?"

Kupitia dirishani Nyamizi aliliona ghala, mlango wazi. Vibuyu vilikuwa vimepangwa chini, ukuta hadi ukuta. Alivitambua vyote. Kile chenye shingo ya mshazari cha Masunga. Kile kilichoshonwa kwa ukili cha jirani yake Bi Chiku. Na chake, kimebandikwa picha ya Waziri anayetabasamu pale pale mama yake alipokuwa akishika wakati wa kumimina. Hasira ikampanda, na ikampandisha na akili.

"Nilikuwa nakutania, Mkurugenzi," alisema, akaegemea kochi. "Nataka ghala zima."

"Haa!" Mkurugenzi alicheka kwa furaha, akajifuta jasho. "Umenitisha! Sasa unaongea lugha ninayoielewa. Lini?"

"Sasa hivi."

"Hata sikupaswa kuuliza. Una watu wa kubeba?"

"Ninao. Wako nyuma ya jengo lenu, wameinama."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hao ni wadogo, mkubwa. Mdogo haruhusiwi kukanyaga ghalani. Sheria ni msumeno."

"Na mkubwa?"

"Mkubwa! Mkubwa azuiwe na nani?"

*

Nyamizi alirudi nyuma ya jengo karibu anakimbia.

"Simameni!" aliwaambia watu wa foleni. "Nyoosheni migongo, wote. Piteni pale mmesimama."

Hakuna aliyesogea. Masunga akageuza shingo kutoka chini alikokuwa. "Mama Kashindye, tukisimama tutakosa hata hicho kiganja."

"Kiganja cha nini, Masunga? Cha mtama wako mwenyewe! Wamekunyang'anya kibuyu, sasa wanakuinamisha wakupe kiganja, na ukishapewa uvae fulana useme asante. Hebu nusa. Mvua hiyo inakuja, haina habari na foleni. Wanasema sisi ni uti wa mgongo. Haya, uti wa mgongo ndio unaomsimamisha mtu! Aliyewaambia kazi yake ni kupinda amewadanganya. Anayepita wima anaingia ghalani, mlango wa mbele, anachukua chake. Nimeongea nao. Mimi nimetoka huko sasa hivi, chai nimeiacha mezani."

Masunga akawaza. Halafu, polepole, mgongo ukilia kama mlango wa zamani, akajinyoosha. Watu walikuwa wamesahau kwamba alikuwa mrefu kiasi kile. Akatembea kuelekea kwenye mwanzi, kifua mbele.

Ko!

"Mkubwa," alisema Rubeni, akishangaa. "Umekosa sifa."

"Nashukuru," alisema Masunga, akaelekea mlango wa mbele.

Ko! Mke wake. Ko! Ndugu yake. Ko! Ko! Foleni nzima ikanyooka, na mwanzi ukaanza kucheza kwenye nguzo zake. Wafupi walirukia. Wengine walijitwika vigoda kwa makusudi, kigoda kikagonga, wakapaka rangi kwenye paji kwa kiganja na kusema kigoda ni mwili wao.

"Jamani, mnapoteza sifa!" alilia Rubeni. "Mkiwa wakubwa wote, mimi nitamwinua nani?"

Mwisho alibaki Bi Chiku, kikongwe ambaye hata mwanzi ungeshushwa hadi kifuani pa Waziri angepita na kilemba chake. "Na mimi je?" aliuliza kwa ukali. "Nimezaliwa mdogo, nimezeeka mdogo, nife mdogo? Nyamizi, hebu nibebe!"

Nyamizi akachuchumaa, akamweka begani, akasimama naye. Bi Chiku akarudisha kichwa nyuma na kuupiga mwanzi kwa paji, ko! Akaupiga tena.

"Bibi, mara moja inatosha," alisema Rubeni.

"Hiyo ya pili ni ya marehemu mume wangu. Alikufa ameinama."

Mlinzi wa mlango wa mbele alipiga saluti mpaka mkono ukafa ganzi. Mkurugenzi alivua kofia, akaivaa, akaivua, hatimaye akaona ni heri aishike tu mkononi. Watu wa Mwalusimbi waliingia ghalani wamesimama, wakatoka wamesimama, vibuyu vichwani. Nyamizi alichukua chake mwisho. Aliibandua ile picha taratibu, bila kuichana, akaiacha kwenye rafu. Ghala lilikuwa tupu, na haikuwa haki liachwe tupu kabisa.

*

Jioni hiyo Waziri aliwasili kwa sherehe ya kugawa viganja. Akaambiwa hakuna mkulima mdogo hata mmoja aliyesalia wilayani. Kwanza alikasirika. Kisha akafikiri. Kisha akapanda juu ya kreti.

"Ndugu wananchi!" aliyaambia mashirika, kwa kuwa wananchi hawakuwapo. "Tumefuta udogo! Tuliahidi kumwinua mkulima mdogo, na leo wote wameinuka, kwa mpigo! Nchi gani nyingine imeweza?"

Hajamaliza, mvua ikashuka. Haikuwa na adabu. Waziri akaruka chini, viatu vya kisigino vikakwama kwenye tope, akaviacha, akakimbilia ghalani peku. Njia fupi ilipita chini ya mwanzi. Akapita bila kuugusa, na ulibaki upenyo wa kutosha kunguru kupita.

"Mdogo! Amefaulu!" alipaza sauti Rubeni, maana kazi ni mazoea, akamkabidhi fulana. Waziri akaivaa, kwa sababu suti ilikuwa imelowa. Picha za siku hiyo zilipigwa marufuku, ndiyo maana kila mtu anazo.

*

Huko Mwalusimbi walipanda kwa ujima, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakianzia kwa Bi Chiku. Siku walipofika kwenye shamba la Nyamizi udongo ulikuwa umeiva, na mstari mzima wa watu ulikwenda umeinama, wa mbele wakipiga mashimo, wa nyuma wakidondosha punje na kufukia kwa unyayo. Hakuna aliyeona aibu kwa mgongo wake. Rangi ilikuwa bado haijatoka kwenye mapaji, na wengine hawakuwa na haraka nayo.

Gari jeupe likasimama pembeni. Akashuka Mkurugenzi, anahema, kofia kichwani, viatu mkononi. Alikuwa ametafuta shamba hilo kutwa nzima, mpaka alipokiona kichuguu chenye mdomo mpana.

"Nani kawaruhusu?" alifoka. "Mbegu hizi ni ruzuku! Nani kaidhinisha zipandwe?"

"Wakubwa," alijibu Nyamizi bila kuinua kichwa, akadondosha punje.

Neno hilo, kama nilivyowaambia, humaliza mazungumzo. Mkurugenzi mwenyewe aligeuka kurudi kwenye gari. Lakini hofu ya kupoteza kazi humfanya mtu kuuliza yasiyoulizwa, naye akasimama na kugeuka tena.

"Wakubwa gani?"

Nyamizi akaweka kibuyu chini, akanyoosha mgongo mpaka mwisho wa urefu wake. Kando yake Masunga akajinyoosha. Bi Chiku akakanyaga kichuguu, akapanda juu. Mmoja baada ya mwingine, shamba zima likasimama wima kwenye manyunyu, mapaji mekundu yakimtazama.

Na Mkurugenzi, kwa mazoea ya kazi yake, akavua kofia.